Ghorofa Linavyokatwa Kiuno na Joka la Chuma

Kibanda umiza tulichokuwa tukiingia miaka ile kilikuwa na mabenchi manne, televisheni moja ya kichogo, na spika mbili kubwa kuliko televisheni yenyewe. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Transformers: Dark of the Moon, filamu ya Michael Bay iliyotoka Marekani tarehe 29 Juni 2011. Pembeni yangu alikaa mtoto wa miaka kama tisa, ana karanga zake kwenye kikaratasi. Maroboti yakapigana, magari yakaruka, moto ukawaka, yeye anatafuna tu. Likafika onyesho la ghorofa la vioo kuinama. Mtoto akaacha kutafuna, akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akaikalia.

Tangu siku hiyo nimelirudia onyesho hilo mara nyingi, mengi yakiwa ni marudio ya kikazi, fremu moja baada ya nyingine. Kila ninapolirudia naona kuwa yule mtoto alikwishanipa jibu. Hakuna kati yetu anayejua roboti kutoka sayari nyingine linatembeaje. Sakafu tunaijua wote. Mafundi waliotengeneza shambulio la mji wa Chicago kwenye filamu hiyo walilijua hilo, na kazi yao kubwa waliifanya kwenye mji kuliko kwenye maroboti.

Katika hadithi, Decepticons, yaani maroboti maadui, wanauteka mji, wanaufunga usiingilike, na kuufanya kituo cha kuivutia sayari yao ya Cybertron karibu na dunia. Chicago haikuchaguliwa ovyo. Ndiko lilikojengwa mwaka 1885 jengo la Home Insurance la William Le Baron Jenney, la ghorofa 10, ambalo wanahistoria wengi wa ujenzi hulitaja kuwa mwanzo wa maghorofa ya fremu ya chuma. Tena mto unapita katikati ya mji, na madaraja yake yananyanyuka kupisha vyombo. Kwa mwongozaji, daraja lililonyanyuliwa ni ukuta aliopewa bure: askari wako upande huu, adui yuko upande ule, na mtazamaji anaielewa hali bila kuelezwa.

Bay alipiga picha mjini humohumo, kuanzia Julai 2010. Barabara zilifungwa, yakamwagwa mabaki ya zege na magari yaliyoungua, na milipuko mingi unayoiona ni baruti ya kweli iliyosimamiwa na John Frazier na kikosi chake. Hata wale askari wanaoteleza angani kati ya maghorofa wakiwa wamevaa suti zenye mbawa ni watu wa kweli walioruka kweli juu ya Chicago. Hii ni hatua ambayo watengenezaji wengi wa filamu huiruka, wakiamini kompyuta itamaliza kila kitu. Jicho likishaona moto wa kweli ukichoma gari la kweli, linakuwa limetoa mkopo wa imani. Kipande kinachofuata, chenye roboti ambalo halikuwepo, kinaishi kwa mkopo huo.

Sasa tuje kwenye vioo, maana hapo ndipo penye ugumu. Kampuni ya Industrial Light & Magic, chini ya Scott Farrar, ilikuwa na tatizo ambalo mtu hawezi kulifikiria mpaka alijaribu. Ukuta wa matofali una sura yake. Ukiupiga picha asubuhi na ukaupiga tena jioni, ni ukuta uleule wenye mwanga tofauti. Ghorofa la vioo halina sura yake. Sura yake ni ya anga, ya jengo la jirani, ya mto ulio chini. Ukiliinamisha, vyote hivyo vinahama ndani ya kila kioo, na kila kioo kinahama kivyake kwa sababu hakuna vioo viwili vilivyofungwa sawasawa. Ongeza joka la chuma lililojizungusha humo, nalo linang'aa: kioo kinalionyesha joka, joka linakionyesha kioo. Kompyuta inalazimika kuufuata mwanga unavyogonga huku na kurudi kule mpaka uingie kwenye kamera.

Ndiyo maana walihitaji picha nyingi za majengo halisi ya Chicago, zilizopigwa saa tofauti za mchana, jua likiwa pembe tofauti. Jengo la kompyuta linapovikwa picha hizo, doa la maji ya mvua kwenye fremu ya dirisha linakuja nalo. Dirisha moja lina pazia lililoshushwa nusu, jingine halina. Ukisimamisha picha utaviona. Filamu ikitembea hutaviona, lakini vingekosekana ungehisi kuna kitu hakiko sawa.

Joka lenyewe, wanaloliita Driller, lina vipande zaidi ya 70,000. Optimus Prime, kiongozi wa maroboti wema, katika filamu ya kwanza ya mwaka 2007 alikuwa na vipande 10,108, na wakati ule watu walishangaa. Kazi ya kurenda, yaani kompyuta kukokotoa mwanga, kivuli na rangi ya kila nukta mpaka ipatikane fremu moja iliyokamilika, ilifika saa 122 kwa fremu moja ya vipande vizito vya joka hilo. Filamu hutembea kwa fremu 24 kila sekunde. Piga hesabu: ukiwa na kompyuta moja tu, sekunde moja ya onyesho hilo ingekuchukua siku 122, miezi minne na ushee. Mwishoni mwa kazi kampuni iliiwekea filamu hii kompyuta zake zote, zikawa zinafanya zaidi ya saa 200,000 za kurenda ndani ya siku moja.

Lakini saa hizo hazina faida kama jengo halijui kuvunjika. Tazama mpangilio wa uharibifu. Joka linakaza kama chatu anavyomkaza mbuzi, na kinachotangulia ni vioo, vinapasuka safu kwa safu kwa kuwa havina pa kupindia. Baadaye fremu za nje zinakunjika. Halafu nguzo zinaachia, sakafu zinaanza kuegemeana, na juu kabisa ya hayo yote samani za ofisi zinashuka: meza, viti, kompyuta. Kila kitu kinaanguka kwa tabia yake. Zege linavunjika, chuma kinapinda kwanza, kioo kinamwagika kama maji. Mafundi waliipa kompyuta sheria za kila kitu na kuiacha ikokotoe, kisha wakarekebisha kwa macho pale hesabu ilipotoa picha mbaya.

Katikati ya hayo wamo waigizaji, na hapo Bay akarudi kwenye vitu vya kushikika. Ilijengwa sakafu ya ofisi yenye uwezo wa kuinamishwa, watu wakateleza juu yake kweli, wakishika wanachoweza kushika. Mwili wa mtu anayeteleza hauigizwi kirahisi. Bega linatangulia, mguu unatafuta pa kukanyaga, shingo inakaza. Wanatoka dirishani, wanateleza juu ya ukuta wa vioo wa nje, wanavipiga risasi vioo vilivyo mbele yao ili wadumbukie tena ndani. Hapo ndipo mtoto wa karanga alipoinua miguu.

Kitu kingine kinachobeba uzito ni muda. Mtu wa urefu wa mita 1.7 akianguka kama gunia kutoka kimo chake, kitu kilichokuwa kichwani kinafika chini kwa sekunde 0.6 hivi. Optimus ana kama mita 8.5, mara tano ya mtu. Mtu atadhani kuanguka kwake kutachukua muda mara tano, lakini dunia haifanyi hivyo: ni kipeuo cha pili cha tano, mara mbili na kidogo, kama sekunde 1.3. Mguu unaobembea unafuata kanuni hiyohiyo. Mchora mwendo akiliharakisha roboti, linakuwa mwanasesere. Akilichelewesha kupita kiasi, linaonekana linatembea ndani ya maji. Kwenye mapigano ya ana kwa ana filamu hii inaharakisha, na nadhani ndiyo sababu mengi ya mapigano hayo hayakai akilini. Ghorofa lenyewe halikuharakishwa. Linainama kwa muda wake, na hofu yetu inapata nafasi ya kukua.

Teknolojia ya 3D ilisaidia pia, kwa njia ambayo pengine haikukusudiwa. Bay amezoea kukata picha harakaharaka, vipande vya sekunde moja au mbili. Picha ya 3D haikubali mwendo huo, kwani macho yanahitaji muda kuupata umbali. Akalazimika kushikilia kipande, kurudisha kamera nyuma, kumwacha mtazamaji ajue mto uko wapi na ghorofa liko wapi. Kwa maoni yangu saa ya mwisho ya filamu hii ina mpangilio mzuri kuliko chochote alichokifanya kabla yake kwenye mfululizo huu.

Upande wa sauti nitapita haraka, ingawa Ethan Van der Ryn na Erik Aadahl wanastahili makala yao. Walipata uteuzi wa Oscar wa uhariri wa sauti, mmoja kati ya teuzi tatu za filamu hiyo. Nyingine zilikuwa za uchanganyaji sauti na za ufundi wa picha. Tuzo zote tatu zilikwenda kwa filamu ya Hugo.

Miaka sita kamili kabla ya filamu hii ya Bay kutoka, tarehe 29 Juni 2005, Steven Spielberg alitoa War of the Worlds, nayo ina mashine kubwa za wageni zinazoangamiza mji. Yeye alijinyima kitu kimoja: karibu wakati wote kamera iko kwenye kimo cha mtu anayekimbia. Huoni mji ukianguka, unaona jirani akigeuka majivu. Baba wa hadithi anarudi nyumbani, majivu ya watu yamemganda nywelani na usoni, na wanawe wanamwangalia bila kuelewa. Bay naye anawaonyesha watu wa Chicago wakipigwa na kutoweka, lakini hakuna anayerudi nyumbani na mabaki yao.

Hapo ndipo shambulio la Chicago linaponipungukia. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Aliyepata kuona jengo la zege likiporomoka anajua kuwa kinachotawala ni vumbi. Linajaza mtaa, linaingia puani na kwenye nguo, linafanya watu wote wawe rangi moja. Kwenye filamu, ghorofa linakatika, juu yake linaangukia jengo la jirani, wingu la vumbi linapanda vizuri sana, limekokotolewa kwa ustadi usio na shaka. Vipande vichache baadaye hewa ni safi, jua la kiangazi linapiga mtoni, na unaweza kuhesabu madirisha ya ng'ambo ya pili.

Wiki iliyopita nililitazama onyesho hilo tena, nimezima sauti, kidole kiko kwenye kitufe cha kusimamisha. Nilikuwa natafuta fremu ambayo vumbi linaisha. Sikuipata, kwa sababu haikupigwa: picha inakatwa wingu likiwa bado linapanda, na inayofuata ni ya mahali pengine.