Rehema, Dina na Matofali ya Kujifungulia

Mke wa Ayubu katika Biblia anasema mara moja tu, sura ya pili, mstari wa tisa, kisha hasikiki tena. Jina hana. Hatuambiwi nani alimchotea Ayubu maji majipu yalipomjaa mwilini. Msimuliaji anayeijua kazi yake huanzia papo hapo.

Watunzi wa pwani yetu walianza zamani. Utendi wa Ayubu, uliomo katika kitabu cha Tendi alichokihariri J. W. T. Allen mwaka 1971, unafuata masimulizi ya Kiislamu, na humo mwanamke huyu ana jina: Rehema. Masimulizi hayo yanampa vibarua vya kufanya, mume wa kubeba, na wengine husema aliuza hata nywele zake wapate kula. Kipande kimoja cha utendi kina mizani nane. Mtunzi hana nafasi ya kueleza upendo. Anamshikisha mtu kazi, nasi tunauona upendo wenyewe.

Ukimsoma Rehema hapa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, unamsoma kwa ukali zaidi. Ufuo ni mwembamba, mlima umesimama nyuma yake, Burundi iko jirani. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana hapa wakikimbia machafuko, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kwenda Kigoma. Kwa hiyo msomaji wa hapa akisoma kwamba mgonjwa alibebwa, anauliza: alibebwa kwa kitu gani, na mizigo ilibaki na nani? Riwaya ya mambo ya kale inayoweza kustahimili maswali hayo ninaiheshimu.

The Red Tent, riwaya ya Mmarekani Anita Diamant, iliyotoka mwaka 1997, inayastahimili. Katika Mwanzo 34 kaka zake Dina, binti Yakobo, wanasema, baba anasema, Shekemu na Hamori wanasema. Dina hasemi hata neno. Diamant amemwachia asimulie kitabu kizima, akamfanya mkunga. Mzazi anasimama juu ya matofali, wenzake wamemshika makwapani, na wewe msomaji unahisi uzito wake. Mwaka 2001 wachimbuzi wa mambo ya kale huko Abydos, Misri, walifukua tofali la namna hiyo, lenye umri wa miaka 3,700 hivi, limechorwa mama na mtoto wake mchanga. Maandishi ya Wamisri yalikuwa yameshayataja matofali hayo. Lakini mwandishi ndiye aliyetuonyesha nyayo za mwanamke juu yake.

Sikubaliani naye kila mahali. Jambo ambalo Mwanzo inalisema kama kunajisiwa kwa Dina na Shekemu, yeye amelifanya mapenzi, na hapo namwona amejirahisishia. Jeraha lile lilihitaji kukabiliwa. Ila kurasa za uzazi ningempa mkunga yeyote azikague, bila wasiwasi.

Bado kuna mke wa Nuhu. Mwanzo inamhesabu akiingia safinani, haimtaji jina. Namtaka huyo katika riwaya ya Kiswahili, tena kwa mkono wa mtu wa ziwa hili, anayeijua kalafati, anayejua maji yakianza kupenya kwenye ubao nani hushika kopo la kukumbia, na kwa muda gani kabla mikono haijafa ganzi.