Ndoa Isiwe Mlango Pekee

Mwaka 1989 mwanasheria wa Marekani, Paula Ettelbrick, aliandika insha katika jarida la OUT/LOOK akihoji tangu lini ndoa imekuwa njia ya ukombozi. Tungedhani swali hilo limetoka kwa mpinzani wa ndoa za jinsia moja. Sivyo. Ettelbrick mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye kupenda wanawake, na kazi yake ilikuwa kutetea haki za watu kama yeye.

Thomas Stoddard, kiongozi wa shirika lao, alimpinga katika jarida hilohilo. Alitoa mfano wa mwanamke aliyezuiwa kumwona mwenzake aliyeumia ajalini, kwa kuwa mbele ya sheria hawakuwa ndugu wala wanandoa. Alisema haki ya kuoana idaiwe.

Ettelbrick alijibu kwamba cheti kingewafaa wachache. Marekani wengi hupata bima ya afya kupitia ajira ya mwenzi. Je, wasio na ajira? Je, asiyeoa wala kuolewa? Hao wangebaki nje, tena wakiwa wachache na wenye kusahaulika zaidi.

Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa hizo katika majimbo yote. Jaji Anthony Kennedy aliisifu ndoa kupita mafungamano mengine yote, na kuikosa akakufananisha na kuhukumiwa upweke. Ettelbrick alikuwa amefariki mwaka 2011, lakini hofu yake ilikuwa imeandikwa humo.

Sikubaliani naye katika yote. Aliitazama ndoa kama mamlaka ya dola na ya mume, akaliacha agano linalomfunga mtu kubaki wakati wa ugonjwa. Hata hivyo, swali lake linatuhusu sisi tunaofundisha tofauti kuhusu ndoa. Sharikani tunashangilia harusi, huku dada aliyelea watoto wa marehemu kaka yake tunamwombea tu apate mume, kana kwamba bado hajaanza kuishi.

Paulo hakuwa na mke, akawaandikia Wakorintho kuwa ni vema kubaki hivyo. Naye Bwana, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na tangu saa ile wakawa nyumba moja.

Dada yule akilazwa kesho, nani kati yetu atasimama kitandani pake na kusema, "Huyu ni wetu"?