Reli Iliyosahauliwa na Riwaya: Uhakiki wa Masimulizi ya Vita vya Ziwa Tanganyika

Vita vilivyopiganwa juu ya Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1915 na 1916 vimezaa fasihi iliyo kubwa kuliko vyombo vilivyopigana. C. S. Forester alivitumia kwa uhuru katika riwaya yake The African Queen (1935), ambayo John Huston aliigeuza kuwa filamu mwaka 1951. Giles Foden alivisimulia kama historia katika Mimi and Toutou Go Forth (2004), naye Alex Capus, Mswisi, akavirudia katika riwaya ya Kijerumani, Eine Frage der Zeit (2007). Kazi hizo tatu zinatofautiana kwa fani na kwa mtazamo. Hata hivyo, zinakutana katika jambo moja: zinaihifadhi mashua, lakini hazimpi nafasi ya msimulizi mtu wa Kongo aliyejenga reli na kuibeba mashua hiyo.

Historia yenyewe inadai mpangilio mwingine. Mto Lualaba umekatwa na maporomoko mahali pengi. Kwa sababu hiyo, kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa na Édouard Empain mwaka 1902, haikuanza kwa njia moja ndefu, bali kwa vipande vya kuunganisha maji na maji: Stanleyville hadi Ponthierville (leo Kisangani na Ubundu) mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo, na hatimaye Kabalo hadi Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, mwaka 1915. Kila kipande kilianzia na kuishia penye maji. Huko ndiko zilikokuwa njia za pembeni za mabehewa, gati, karakana na chelezo, kwa maana meli haiwezi kupanda maporomoko. Hufika vipande vipande, ikaungwa ukingoni. Katika nchi hii, basi, reli ndiyo mama wa meli.

Hata vyombo vilivyosifiwa katika vitabu hivyo vilipita njia hiyo. Mimi na Toutou, mashua mbili za Waingereza chini ya Geoffrey Spicer-Simson, zilitoka Cape Town kwa gari la moshi hadi Fungurume. Zikavutwa na magari ya mvuke pamoja na maksai kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia. Zikapakiwa kwenye kipande kifupi cha reli hadi Bukama. Zikateremka Lualaba hadi Kabalo. Kisha zikapanda treni tena kuelekea ziwani. Upande wa Wajerumani, meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na kuteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Forester anayafuta hayo yote. Katika riwaya yake, mto ndio njia, na Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, wanausafiri karibu peke yao, kana kwamba nchi haina wenyeji wanaofanya kazi. Ajabu ni kwamba sehemu ya filamu ilipigwa kwenye mto Ruiki, katika eneo lile lile linalohudumiwa na reli ya Kisangani na Ubundu. Reli hiyo ilikuwa karibu na kamera, lakini ilikuwa nje ya hadithi.

Foden ni mwaminifu zaidi. Safari ya nchi kavu inapata uzito wake, na msomaji anaona madaraja yakijengwa na miti ikikatwa. Lakini kumbukumbu anazozitegemea zaidi ni za Wazungu wa msafara. Wanawake waliobeba maji vichwani ili magari ya mvuke yasikwame wanapita bila majina. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi kukosa kusikia kejeli iliyomo: mashua inaitwa Mimi, na waliokuwa na haki ya kusema "mimi" wamenyamazishwa.

Capus ndiye anayekaribia zaidi kiini cha jambo. Shujaa wake ni fundi wa meli, Anton Rüter, na karakana ya Kigoma si mandhari tu bali ni uwanja wa mgogoro. Riwaya inaheshimu kazi ya mikono. Hata hivyo, mkono unaopewa nafsi na mawazo ni ule uliotoka Papenburg.

Yawezekana kujibu kwamba mtunzi wa riwaya hana wajibu wa kuwa mwanahistoria wa reli. Jibu hilo ni halali kwa kitabu kimoja kimoja. Ila pengo likirudiwa kutoka riwaya hadi filamu, na kutoka filamu hadi historia, huacha kuwa pengo. Hugeuka kuwa ndiyo historia yenyewe.

Dawa yake si kulalamika, wala si kuitamani reli kana kwamba ilikuwa neema tupu. Ilijengwa chini ya utawala wa kikoloni uliotumia shuruti. Na tarehe 4 Mei 1997, wakimbizi 91 wa Rwanda walikufa ndani ya mabehewa yaliyojaa kupita kiasi, kwenye njia hiyo ya Ubundu kuelekea Kisangani. Kumbukumbu ya kweli hubeba vyote viwili.

Mfano wa kazi inayotakiwa upo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville. Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Andiko hilo lilithibitisha kwamba mfanyakazi anaweza kuwa mwanahistoria kwa lugha yake mwenyewe, bila kungoja sarufi imruhusu. Watu wa reli na wa karakana za Kalemie, Kongolo, Kindu na Ubundu wanastahili andiko kama hilo.

Muda si mrefu. Kampuni ya Maziwa Makuu iliunganishwa na nyingine katika shirika la taifa mwaka 1974; kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa amepita 70. Anajua zana za chelezo, miito ya wavuta kamba na majina ya vituo vilivyomezwa na msitu. Chuma kikiibwa chaweza kununuliwa kingine. Maneno ya mzee huyo yasipoandikwa, mwanafunzi wa kesho atabaki na riwaya za wageni, naye ataamini kwamba mashua ilifika ziwani yenyewe.