Bustani nzuri, lakini ya nani?

Bustani si maua tu. Inaonyesha pia nani aliruhusiwa kuingia, na mpaka wapi.

Tuchukue kwanza mfano wa mbali. Kule Kashmir, katika bonde lenye kuzungukwa na milima, mfalme Jahangir alianzisha bustani ya Shalimar mwaka 1619. Maji yanashuka ngazi kwa ngazi ndani ya mfereji. Lakini kila ngazi ilikuwa na wenyewe: ya chini ya raia, ya katikati ya mfalme, ya juu ya wanawake wa jumba lake. Leo hii raia wanapanda mpaka juu.

Sasa turudi kwetu Kivu. Kule Lwiro, katika Kabare, Wabeleji walijenga makao ya IRSAC, kituo cha utafiti kilichoundwa mwaka 1947. Uzuri wa pale hatuukatai. Lakini ulipangwa juu ya macho ya mtaalamu Mzungu, si ya yule aliyekata majani. Hata Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 mpaka Walikale, iliwatoa Batwa msituni.

Kwa hiyo sisi walimu, tusiwaachie wanafunzi kusifu tu. Wajifunze kuuliza: nani alilima, na nani alifungiwa mlango? Ndizi na mateke nyuma ya nyumba za wazee wetu wa Masisi havikupandwa kwa mstari, lakini mgeni alipata pale kivuli na chakula. Ile nayo ni bustani, na inafaa tuifundishe.