Ulimi, Karatasi na Ng'ombe wa Watu: Ulaghai wa Kikoloni katika Riwaya ya Amadou Hampâté Bâ

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza L'étrange destin de Wangrin (1973), riwaya ya Amadou Hampâté Bâ, kwa kuuliza swali moja: hasara ya ulaghai katika jamii iliyotawaliwa kikoloni ilimwangukia nani? Yanadai kwamba usomaji unaomfanya Wangrin kuwa shujaa wa kuupinga ukoloni unategemea ushahidi wa wakalimani wenyewe, na kuwasahau wafugaji waliopoteza mifugo yao.

Utangulizi

Mhusika mjanja ana heshima ya pekee katika fasihi za Kiafrika. Msomaji wa Kiswahili amemzoea tangu ngano za Sungura na visa vya Abunuwasi, ambamo akili ya mnyonge huutia aibu ubabe wa mwenye nguvu. Si ajabu, basi, kwamba Wangrin, mkalimani wa serikali ya Kifaransa huko Afrika Magharibi, husomwa kama ndugu yao. Bâ mwenyewe anaufungulia mlango usomaji huo: anamweka mhusika wake chini ya ulinzi wa Gongoloma-Sooké, mungu wa mambo yanayopingana, na kichwa kidogo cha riwaya kinazitangaza waziwazi hila za mkalimani wa Kiafrika. Hata hivyo, ndugu hufanana sura, si lazima wafanane matendo. Abunuwasi humlaghai anayesimama mbele yake, mara nyingi sultani au tajiri. Wangrin anasimama mbele ya Mfaransa, lakini mkono wake umo katika zizi la mtu mwingine.

Ulimi na karatasi

Wangrin alisomeshwa Kayes, katika shule iliyoitwa ya mateka kwa kuwa wana wa machifu walichukuliwa humo wawe dhamana ya utii wa wazazi wao. Alianza kazi akiwa mwalimu, kisha akawa mkalimani. Mtangulizi wake, Racoutié, askari wa zamani, alizungumza Kifaransa cha kambini, ambacho riwaya inakiita forofifon naspa. Wangrin anakisema Kifaransa cha wenyewe, na zaidi ya hapo anakisoma na kukiandika. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wake.

Thamani ya mtaji huo inaeleweka tukiutazama utawala wenyewe. Chini ya sheria za indigénat, zilizofutwa mwaka 1946, mkuu wa wilaya aliweza kumfunga au kumtoza faini raia wa koloni bila kumfikisha mahakamani. Mtu huyo mwenye mamlaka makubwa kiasi hicho kwa kawaida hakuzijua lugha za watu aliowatawala. Malalamiko, utetezi na maombi yao yote yalipita katika kinywa kimoja. Kwa hiyo ulaghai wa mkalimani haukuwa ufa uliotokea kwa bahati mbaya katika ukuta wa serikali. Ulikuwa mlango ambao serikali yenyewe iliujenga, kisha ikamkabidhi mtu mmoja ufunguo.

Mtu wa tatu

Mfano mkubwa ni kisa cha ng'ombe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali inakusanya mifugo ili kulisha jeshi. Wangrin analitumia jina na saini ya ofisa wa Kifaransa, de Villermoz, na sehemu ya ng'ombe hao inaishia katika biashara yake. Uchunguzi unapoanza, karatasi zilezile zinageuka kuwa ngao yake. Msomaji anacheka kumwona mwenye cheo akinaswa na saini yake mwenyewe, na kicheko hicho ni halali. Lakini ng'ombe hao hawakutoka katika hazina ya Ufaransa. Walitoka kwa wafugaji, ambao waliamriwa kutoa mifugo kwa ajili ya vita visivyowahusu, kisha wakatolewa mingine kwa ajili ya tumbo la mkalimani.

Hali ni hiyo katika mgogoro wa urithi wa chifu tajiri wa Kifulani. Wangrin anapokea mali kutoka kwa pande zote mbili zinazogombana, na kila upande unaamini kuwa ndiye wakili wake. Hapa hakuna mkoloni anayeibiwa.

Msamiati wa Kiswahili unatusaidia kupima jambo hili. Tukimwita Wangrin mwerevu au mjanja, tunaisifu akili yake, wala hatulazimiki kumtaja mwingine. Tukisema alidhulumu au alipunja, sarufi yenyewe inatudai yambwa: alimdhulumu nani? Uhakiki unaosimama kwenye ujanja unaweza kumaliza kurasa nyingi bila kumtaja mwenye ng'ombe. Uhakiki unaoanza na dhuluma hauwezi.

Nani anasimulia?

Wapo watakaojibu kwamba Wangrin aliwasaidia maskini, na ni kweli riwaya inausisitiza ukarimu wake. Lakini habari hizo zinatoka wapi? Bâ anaeleza kuwa Wangrin mwenyewe alimsimulia maisha yake mwaka 1927, kwa sharti kwamba jina lake halisi lifichwe. Baadaye mwandishi aliongeza ushahidi wa watu wengine, akiwemo Romo, hasimu mkubwa wa Wangrin. Ushahidi wa hasimu una uzito, ila Romo naye alikuwa mkalimani. Mashahidi wakuu wawili wa kitabu hiki ni watu walioishi kwa ndimi zao. Wafugaji hawana msimulizi. Jinsi walivyonyamazishwa mbele ya mkuu wa wilaya, ndivyo wanavyonyamaza katika riwaya.

Anguko la Wangrin linaipa hoja hii nguvu. Mume na mke wa Kizungu aliowaamini katika biashara yake wanachangia kumfilisi, naye anakufa fukara na mlevi. Bâ analifungamanisha anguko hilo na miiko iliyovunjwa. Maelezo hayo yana mashiko katika mantiki ya kazi yenyewe, lakini yanaihamisha hesabu: deni analolipa Wangrin ni la mizimu, ilhali la wafugaji linabaki pale pale.

Hitimisho

Makala haya hayakusudii kumshtaki Wangrin badala ya ukoloni. Mwizi mdogo na mwizi mkubwa walitumia chombo kimoja, yaani karatasi yenye saini ambayo mlipaji hakuweza kuisoma. Hoja ni kwamba kumdanganya mtawala na kumpinga mtawala ni mambo mawili, na umbali kati yake hupimwa kwa kumtazama aliyelipa gharama. Kipimo hicho kinafaa pia kwa akida, karani na tarishi wa kikoloni wanaojitokeza katika fasihi ya Kiswahili. Tunapofurahia hila zao, tuulize kwanza ng'ombe walikuwa wa nani.