Steringi Anapokufa Katikati ya Mkanda

Kila aliyekulia kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha kuoneshea mikanda, anaijua sheria moja: steringi, yaani shujaa wa mkanda, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatumbukizwa mtoni, lakini mwisho wa mkanda lazima asimame. Mwaka 2010 mwongozaji wa Uganda, Nabwana I.G.G., aliivunja sheria hiyo. Katika Who Killed Captain Alex? yule kapteni mwenye jina lake kwenye filamu anauawa akiwa hemani, hadithi ikiwa bado mbichi. Ndugu yake, Bruce U, fundi wa kung fu, anashika njia kumtafuta muuaji. Mkanda unakwisha, na swali lililoulizwa kwenye jina la filamu halijajibiwa.

Filamu hii ilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200. Wengi wakisikia kiasi hicho hucheka na kupita. Mimi naomba tusimame hapa tuitazame kazi yenyewe, maana mle ndani mna ufundi ambao watengenezaji wengi wenye fedha nyingi kuliko hizo bado hawajaushika.

Tuanze na damu. Hapo mwanzo kikundi cha Nabwana kilitumia damu ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Wakahamia kwenye maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula. Maji hayo yanajazwa ndani ya kondomu, kondomu inafichwa chini ya shati la mwigizaji, kisha uzi wa kuvulia samaki unavutwa na kifuko kinapasuka. Shati linalowa palepale, mbele ya kamera, na mwigizaji anaanguka na uzito wake wote. Bunduki ni kazi ya fundi wao, Dauda Bisaso, aliyeziunda kwa mbao na vyuma chakavu. Hazitoi hata cheche. Moto unaoonekana mdomoni mwa bunduki umetiwa baadaye kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe Nabwana aliiunga kwa mikono yake kutoka kwenye vipuri. Kabla ya kuanzisha Ramon Film Productions mwaka 2005 alikuwa akifyatua matofali. Uhariri alijifunza mwenyewe, katika mtaa ambao umeme ukikatika kazi inalala.

Sasa tazama damu hiyo na moto huo wa bunduki vinavyokutanishwa. Picha ya mpigaji ni fupi, moto unawaka mara moja, na kabla jicho halijapata nafasi ya kuichunguza bunduki tumeshahamia kwa aliyepigwa, damu inaruka. Cheche ni ya kompyuta lakini damu ni ya majimaji, inadondoka kweli, inachafua nguo kweli. Ile ya pili ndiyo inayotufanya tuiamini ile ya kwanza. Helikopta hazikupata bahati hiyo. Zinapozunguka juu ya Kampala na majengo yanalipuka, unaona wazi kwamba zimebandikwa, kwa sababu hakuna kitu halisi kilichowekwa karibu nazo cha kuzishikilia. Mwongozaji chipukizi anaweza kukaa na dakika chache tu za filamu hii, akazisimamisha picha moja baada ya nyingine, akajifunza tofauti hiyo.

Lakini injini ya filamu hii, kwa maoni yangu, ni sauti. Toleo lililoenea duniani, lililowekwa YouTube mwaka 2015, limesimuliwa na VJ Emmie. Kwetu kazi hii haihitaji maelezo marefu. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya yupo DJ Afro: mtu anayeshika kipaza sauti, anatafsiri, anamtukuza steringi, anamsuta adui, anakwambia kaa vizuri mambo yanakuja. VJ Emmie anafanya hivyo juu ya filamu ya Kiafrika, na matokeo ya kiufundi ni makubwa. Mwendo wa picha ukilegea, yeye hakuachi upoe. Helikopta ikionekana ya kubandika, yeye ameshaipokea kwa shangwe, nawe unajikuta umeipokea pamoja naye. Anamrudishia mtazamaji ule umati wa kibandani hata kama anatazama peke yake chumbani Ulaya.

Nabwana mwenyewe alipokuwa mtoto hakuwa akienda kwenye vibanda. Kaka zake walikwenda, wakarudi nyumbani na kumsimulia walichokiona. Filamu ziliingia kwake kwa sikio kabla hazijaingia kwa jicho, na naamini ndiyo maana kazi yake inaibeba sauti ya msimulizi bila kutetereka.

Filamu zake alikuwa akiwatengenezea jirani zake. Waigizaji walipita mtaani wakiuza DVD nyumba kwa nyumba, wakikimbizana na wezi wa kazi za wasanii. Tangazo fupi la filamu hii likasambaa mtandaoni, likamfikia Alan Hofmanis wa New York, ambaye alifunga safari mpaka Wakaliga na baadaye akawa mshirika wao. Mwaka 2015 Nabwana aliomba mtandaoni mchango wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, akapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 filamu yake Crazy World ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto.

Wapo waliotazama ili wacheke umaskini wa vifaa. Hao wamekosea. Vichekesho mle vimewekwa makusudi, na mtu aliyethubutu kumuua steringi wake na kuacha swali wazi anajua vizuri mtazamaji wake anasubiri nini.

Kinachoniuma ni kimoja. Faili halisi la Who Killed Captain Alex? halipo tena. Lilifutwa ili diski ipate nafasi ya kazi iliyofuata, na tunachokitazama leo kimetoka kwenye nakala ya DVD. Ndugu mtengenezaji wa filamu unayesoma hapa, uwe Manzese, Kariobangi au Goma: kabla hujalipia kitambaa cha kijani, nunua diski ya pili, weka nakala ya kazi yako, na uihifadhi nyumba nyingine.