Muda wa Kuamua Ofa ya Kazi katika Shule za Kimataifa

Mwalimu anayepata ofa kutoka shule ya kimataifa kwa kawaida hutakiwa kujibu kati ya siku moja na wiki moja. Hakuna sheria iliyoweka muda huo. Ni desturi iliyozaliwa katika maonesho ya ajira yaliyokuwa yakifanyika mwanzoni mwa kila mwaka kwenye hoteli za miji kama Bangkok na London, chini ya mawakala kama Search Associates.

Katika maonesho hayo mambo yote yalibanwa ndani ya siku tatu au nne. Wakuu wa shule walikaa nyuma ya meza ukumbini, kila meza na jina la shule na orodha ya nafasi, na walimu wakapanga foleni kuomba miadi ya usaili. Usaili wenyewe mara nyingi ulifanyika chumbani kwa mkuu, hotelini hapohapo, na ofa iliweza kuja jioni ileile. Mkuu alikuwa na ndege ya kuwahi na nafasi kadhaa za kujaza. Akimsubiri mwalimu wa fizikia siku tano, yule wa pili kwenye orodha yake ameshachukuliwa na shule nyingine. Hapo ndipo zilipotoka saa 24 za kujibu.

Uviko-19 mwaka 2020 ulihamishia usaili kwenye video, na sehemu kubwa ya ajira hizi imebaki huko. Msimu nao umesogea mbele: shule nyingi huwataka walimu wao watamke kabla ya Desemba kama watabaki, hivyo nafasi za Agosti huanza kutangazwa Oktoba. Ndege ya kuwahi haipo tena, ila foleni ya waombaji ipo palepale, na muda wa kujibu umeongezeka kwa siku chache tu.

Siku hizo hazitoshi kuanza kufikiri. Zinatosha kuhakiki. Kama mwenzi yuko tayari kuhama, nani atamwangalia mzazi mgonjwa, kama mtoto wa darasa la saba ahamishwe kabla ya mtihani: hayo hujibiwa kabla ya usaili wa kwanza. Mwalimu anayeyapeleka nyumbani baada ya ofa humaliza siku zake zote kwenye kikao cha familia, kisha husaini mkataba ambao hajausoma.

Na mkataba ndio wenye kazi. Ofa ya mdomo au ya barua pepe haitoshi. Rasimu kamili iombwe siku ileile. Mikataba mingi ya shule hizi ni ya miaka miwili, na jumla ya mshahara iliyoandikwa juu huficha mgawanyo wake. Chukua Umoja wa Falme za Kiarabu. Kwa sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022, mfanyakazi mgeni wa sekta binafsi aliyemaliza angalau mwaka mmoja hulipwa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza. Shule mbili zinaweza kutoa dirham 12,000 kwa mwezi kila moja. Ya kwanza inaziandika zote kuwa mshahara wa msingi: kiinua mgongo cha miaka miwili ni dirham 16,800. Ya pili inaandika 8,000 za msingi na 4,000 za marupurupu: kiinua mgongo ni 11,200. Tofauti ya dirham 5,600 imo ndani ya mstari mmoja ambao mwenye haraka huuruka.

Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Walimu wengi wa Afrika Mashariki hupitia kwa wakala, na wakala anayedai fedha leo ili ofa isipotee kesho anautumia muda kama silaha. Huyo aachwe.

Baada ya mgawanyo huja sarafu. Dirham imefungwa kwa dola, takriban 3.67 kwa dola moja, tangu 1997. Kwingine hali si hiyo: Machi 2024 paundi ya Misri ilitoka karibu 31 kwa dola hadi karibu 50 kwa siku moja, na mwalimu aliyekuwa akilipwa kwa paundi aliona thamani ya mshahara wake nje ya nchi ikishuka kwa zaidi ya theluthi. Nyumba, nauli, bima ya matibabu na ada za watoto hukaguliwa kwa haraka zaidi: ama zimeandikwa, ama hazipo. Saa zinazobaki ni za kuzungumza na mwalimu aliyeko shuleni hapo, na ikiwezekana na aliyeondoka, kuuliza kama mshahara hulipwa kwa tarehe yake.

Muda usipotosha, kuomba nyongeza si utovu wa adabu, mradi ombi liwe na sababu na saa kamili. Kwa mfano: “Nashukuru kwa ofa. Nimesoma rasimu, nasubiri ufafanuzi wa kipengele cha nyumba. Naomba nijibu Alhamisi saa sita mchana kwa saa za Dubai.” Shule makini hukubali, au hueleza kwa nini haiwezi. Inayodai sahihi kabla ya kuonesha mkataba imeshajibu swali kubwa kuliko yote kuhusu jinsi inavyowatendea watu wake. Anayesubiri shule nyingine aiandikie hiyo nyingine mara moja, aitajie tarehe yake ya mwisho; kusaini huku na kuendelea kusaka kule humharibia mwalimu jina, kwa kuwa wakuu hawa huulizana.

Hata sahihi haimalizi safari. Tangu mashirika ya shule za kimataifa yaunde kikosi kazi cha ulinzi wa mtoto mwaka 2014, ofa nyingi hutolewa kwa masharti: cheti cha polisi, mahojiano na wakuu wa zamani, vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa na wizara na ubalozi. Uthibitisho huo huweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo huanzwa siku ileile mkataba unaposainiwa. Barua ya kuacha kazi ya zamani huandikwa pande zote mbili zikishasaini na shule ikishathibitisha kwa maandishi kwamba masharti yametimizwa.